Bahari Iliyorudi kwa Miguu

Alimnusa mwanangu akanyamaza. Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu nayo ilianzia hapo, na nikianza kuzunguka nitakuwa mnafiki.

Mtaani kwetu Mtendeni, Tabora, mtoto akitimiza siku arobaini anapelekwa kwa Bibi wa Uturi. Si dini, si sheria, ni mazoea tu. Anafunuliwa khanga, Bibi anainama, anamnusa utosini, kisha nyuma ya shingo pale penye mkunjo, halafu anasema mtoto ananukia nini. Neno hilo halifutiki. Mtoto wa fundi cherehani alinukia karanga mbichi, leo yuko darasa la sita na wenzake bado wanamwita Karanga. Mapacha wa nyumba ya pili, mmoja alinukia kuni za mkwaju, mwenzake sabuni iliyosahaulika juani. Kila mtoto alipata chake. Wangu alinuswa utosini, akanuswa shingoni, akarudiwa tena utosini. Bibi akamfunika, akanirudishia, akasema, "Mungu amkuze."

Basi. Mungu amkuze! Hata mbuzi anaambiwa hivyo.

Nikajiona nimeelewa. Baba wa mtoto aliondoka kwenda Dar nikiwa na mimba ya miezi mitano, akaniachia namba ya simu isiyopatikana. Mtaa mzima ulijua. Wengine walinitazama tumbo kabla ya kuitikia salamu. Mimi nikasema, hawa siwashangai, ila yeye? Nikamnunia karibu mwaka mzima, na tulikuwa tunafanya kazi hatua tatu tu mmoja kutoka kwa mwenzake.

Sasa Bibi amehamia Igalula kwa mpwa wake, na watu wakimsimulia wanamfanya malaika. Hakuwa malaika. Nataka nimsimulie kwa haki, kwa sababu nilimkosea.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zamani, yenye mlango mzito wa kuchonga na kuta nene za udongo, hata mwezi wa kumi ukiingia mle unahisi umevuliwa koti. Meza moja. Mizani ndogo ya sonara. Redio iliyokuwa haizimwi wala haisikilizwi. Rafu ya chupa za kahawia za dawa ya kikohozi, ambazo alizichemsha na kuzianika mpaka zikasahau kikohozi. Na chini ya meza, sanduku la chumvi ya Uvinza, ile chafuchafu ya mawe, aliyoletewa na treni ya Kigoma.

Mimi jiko langu la maandazi lilikuwa barazani, upande wa kushoto wa mlango wake. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale yaliyokuwa, mama alininunulia karai, akaniambia cheti chako hiki hapa. Tangu siku ya kwanza Bibi aligombana na moshi wangu.

"We Binti Moshi! Hayo mafuta umeyatumia tangu lini?"

"Tangu jana, Bibi."

"Jana ya mwaka gani?"

Alijua. Akiwa ndani, mlango nusu umefungwa, alijua kama nimeongeza iliki, kama mkaa ni wa mti mkavu au mbichi, kama nimeunguza upande mmoja nikaficha kwa kulaza chini. Siku moja alitoka na kitambaa puani akasema, "Leo umelia ukikanda." Nikamuuliza ameonaje. "Sijaona. Unga una chumvi mara mbili." Sikujua kama ananitania au la. Nilikuwa nimelia.

Nilivyobeba mimba akaanza kuniita Mama Moshi kabla mtu mwingine yeyote hajaniita mama wa kitu chochote. Hilo nalikumbuka. Ndiyo maana ule ukimya wa siku ya arobaini uliniuma kiasi kile.

Aliuza mengi: udi, liwa, mafuta ya asumini kwa maharusi, marashi ya kunyunyizia misibani. Hayo aliyauza kwa heshima lakini bila mapenzi, kama mtu anayepika chakula cha wageni asichokila mwenyewe. Aliyoipenda ilikuwa moja. Haikuwa na jina la kifahari. Watu waliiita Ya Kiangazi, basi, na aliichanganya kuanzia mwezi wa tisa, jua linapoanza kupasua midomo, mpaka mvua ya kwanza. Mvua ya kwanza ikigusa vumbi tu, anafunga chupa. Hata uje umepanda ndege.

"Ardhi imeshatoa ya kwake," anasema. "Mimi ni nani nishindane?"

Niwaambie ilivyo, kwa sababu waliozoea manukato ya kupuliza hawatanielewa. Ukiipaka kwenye mkono mkavu hupati kitu. Unadhani umeuziwa maji. Tembea. Jua likupige mpaka Soko Kuu na kurudi. Jasho linapotoka ndipo inapoamka: kwanza chumvi, si ya jikoni, ni ile ya ngozi ya mtu aliyetembea mchana kutwa halafu akakaa kivulini mpaka upepo ukamkausha. Nyuma ya chumvi kuna kitu cha majimaji, baridi kidogo, kama ndani ya mtungi. Halafu mti. Mti unakuja taratibu na ukishakaa hauondoki. Jioni unavua nguo, na kola bado inasema mninga.

Na ndiyo maana inafaa joto. Asumini saa nane mchana wa mwezi wa kumi ni kama mtu mwenye homa amekukumbatia hataki kukuachia. Waridi linageuka jamu. Ya Kiangazi haigombani na jasho, inalitafuta. Bibi alikuwa na usemi wake: "Nusu ninayo mimi kwenye chupa, nusu unayo wewe kwapani."

Vilivyomo navijua, maana mwishowe alinifundisha, nitafika huko. Maranda ya mninga kutoka kwa seremala, yanazikwa kwenye chumvi siku saba mpaka yatoe unyevu wote, ndipo yanalowekwa kwenye mafuta pamoja na liwa. Mwisho, unga kiasi cha kushika kwa kucha wa kile kifuniko kigumu anachojifungia nacho konokono wa baharini. Alitumiwa kutoka pwani kwenye kopo la maziwa, akakichoma na kukisaga. Kikizidi, kazi yote imekufa. Kikiwa sawa, ndicho kinacholeta bahari.

Bahari yenyewe aliiona mara moja tu, alipopelekwa Dar kutibiwa macho. Tulimuuliza ikoje.

"Inanuka samaki na mafuta ya meli," akasema. "Niliwaambia wanirudishe hospitali."

"Sasa Bibi, hii Ya Kiangazi si ndiyo bahari?"

"Siyo ile yao. Watu wa hapa walikwenda pwani kwa miguu na mizigo mabegani, miezi, wakarudi kwa miguu. Unafikiri walirudi na nini? Shanga ziliisha. Nguo ziliisha. Chumvi ilibaki kwenye kamba za mizigo na kwenye mbao. Hii ndiyo bahari ya Tabora. Imerudi kwa miguu, imechoka, imekaa chini."

Alisema hivyo huku akipangusa mizani, kama anayekutajia bei ya sukari.

Alikuwa mgumu kwa wateja. Hakukuuzia Ya Kiangazi ukitoka kuoga. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na ilimletea maadui. Nakumbuka bwana harusi mmoja, kijana wa ofisini, suti ya buluu, amejipaka poda mpaka kwenye nyusi.

"Bibi, nataka ile ya chumvi. Ndoa ni leo alasiri."

"Umeoga na nini?"

"Sabuni ya... ile ya waridi."

"Nenda stesheni, urudi."

"Kufuata nini?"

"Hakuna cha kufuata. Nenda tu, urudi. Kwa miguu."

"Bibi, nina suti!"

"Basi muoe huyo waridi."

Akaenda. Alirudi kola imelowa, poda imeshuka mistari, amevua koti, anahema. Bibi akampaka nyuma ya masikio na kwenye viwiko, akamwambia asiguse tena maji mpaka aingie kwa mkewe. Sisi wa barazani tulicheka mpaka maandazi yakaungua. Lakini yule kijana alipita mbele yangu akitoka, na mimi, niliyekuwa namcheka, nikajikuta nageuza shingo kumfuata. Nikaona haya.

Mwingine alikuwa mfugaji wa kutoka Choma, Msukuma mrefu aliyeleta ng'ombe mnadani. Alinusa mkono wake muda mrefu, sisi tunangoja. Akasema kwa lafudhi yake nzito, "Bibi, hii ni ng'ombe. Ni pua ya ng'ombe akitoka kulamba chumvi."

Mama Kanga, jirani yetu anayeuza khanga upande wa pili wa njia, akaziba mdomo. Tulidhani Bibi atamfukuza. Badala yake akainuka kitini, jambo asilomfanyia hata shehe, akamshika mkono.

"Miaka yote nangoja mtu anayesikia vizuri," akasema. Akamfungashia chupa mbili. "Moja ya mkeo. Nyingine ya ng'ombe."

Swala tano hazikumpita. Na wanawake wa baa walikuja kwake mchana, nyuso hazijapakwa kitu, akawapigia stori na kuwapa kiti kilekile alichowapa wake wa mahaji. Mwanamume mmoja alipomuuliza vipi anawauzia wale uturi, alimjibu, "Umejuaje wanaopaka ni wale? Umewanusa?" Yule hakurudi tena dukani.

Lakini pia alikuwa na ubaya wake. Alikuwa na kiburi. Hakusema samahani, alikupa kashata, ukijua ndiyo hiyo. Alivunja kwa makusudi chupa ya kupuliza aliyoletewa na mpwa wake kama zawadi, akidai inapiga kelele. Mpwa alilia. Na mimi nilipomwomba anifundishe kazi, kabla ya mtoto, alinitazama juu hadi chini.

"Wewe una hasira."

"Hasira na kunusa wapi na wapi, Bibi?"

"Pua yenye hasira inajinusa yenyewe."

Mtu anayevunja zawadi za watu ananiambia mimi nina hasira! Nilikaa siku tatu sijamsalimia. Siku ya nne akaniwekea kashata juu ya mfuko wa unga.

Msimu wa kuchanganya hakula kitunguu mpaka adhuhuri ipite. Pua yake ikichoka hakutoka nje kupunga hewa, aliinamisha uso akanusa ndani ya kiwiko chake mwenyewe, mara tatu, kama anayebusu mtoto. "Narudi nyumbani," anasema, "halafu natoka tena." Ndiyo picha niliyonayo ya yule mwanamke kuliko zote: kichwa kimezama mkononi, redio inasoma taarifa ya habari, na mwezi wa kumi unasimama mlangoni unashindwa kuingia.

Sasa turudi kwenye kununa kwangu.

Baada ya ile arobaini nilikuwa naamkia kwa mbali, "Shikamoo," naitikiwa "Marahaba," kwisha. Kiangazi kikaja. Nikawasha jiko kama kawaida, na nakiri, nilikuwa nikitumia mafuta ya juzi kwa makusudi. Nilimtaka atoke agombe. Hakutoka. Nikachoma mkaa mbichi. Hakutoka. Nikasema moyoni, ahaa, tumefika huko, sasa hata ugomvi naonekana sifai.

Mwezi wa kumi, siku ya joto la kufa, nilimwona Mama Kanga ananunua chupa ya Ya Kiangazi, anashukuru mpaka anapiga magoti, anavuka njia, halafu anazunguka uani kwake. Nilikuwa nimempelekea maandazi. Nikamkuta anaimwaga chini ya mpapai.

"Unafanya nini?"

"Shh! Nusa."

Nikanusa. Wallahi nilirudi nyuma. Ilikuwa kama kitu kimekufa chini ya kabati.

"Imeharibika tangu mwaka jana," akanong'ona. "Wote tunajua. Huu mpapai wenyewe umeanza kukauka."

"Na mnaendelea kununua?"

"Sasa tufanyeje? Mtu mzima yule. Ukamwambie usoni kwamba uturi wake unanuka? Utamuua. Tunanunua, tunamwaga, tunamsetiri."

"Mwaka mzima?"

"Heshima, mwanangu."

Nilikuwa na hasira naye Bibi, ndiyo, lakini hii ilikuwa hasira nyingine. Mwanamke aliyemtuma bwana harusi stesheni kwa miguu kwa sababu ya sabuni, leo anauza mzoga, na mtaa mzima unampigia magoti unamchekea! Wageni wanapita, wanabeba chupa mpaka makwao, wanasema Tabora kuna bibi anauza uvundo. Jina lote alilolijenga linamwagwa chini ya mpapai kwa adabu.

Kabla ya kuvuka njia nilikuwa nimetumbukiza maandazi mapya. Sikuyatazama. Nilimfunga mwanangu mgongoni nikaingia dukani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umeikumbuka njia? Hatua tatu hizi zilikuwa ndefu."

"Bibi, Ya Kiangazi imeharibika. Inanuka."

Mkono wake ulikuwa juu ya mizani. Ukasimama.

"Anasema nani?"

"Nasema mimi. Kile kifuniko cha konokono ninachokuona unakisaga kimezidi. Kimezidi sana. Watu wananunua wanamwaga."

"Pua yako ina..."

"Ina hasira, ndiyo. Najua. Lakini uturi unanuka mzoga, Bibi."

Akageukia rafu kutafuta chupa. Na hapo ndipo moshi ulipoingia. Maandazi yangu yalikuwa yanaungua barazani, moshi mweusi mzito, ukaingia mlangoni ukapita kati yetu. Mimi machozi yakanitoka. Mtoto akapiga chafya. Bibi, aliyekuwa bado amenipa mgongo, hakugeuza hata kichwa.

Nikabaki nakitazama kisogo chake.

"Bibi," nikasema taratibu. "Husikii harufu?"

"Ya nini?"

Akageuka, akauona moshi kwa macho. Akauangalia kama mtu anayeangalia mgeni aliyeingia bila hodi. Kisha akaketi.

"Ile homa ya mafua," akasema. "Nililala wiki mbili, wewe ulikuwa na mimba kubwa. Nilipoamka, pua kimya. Nikasema itarudi. Nilikuwa naongeza kidogo, nangoja nisikie chochote. Naongeza tena. Wateja wanashukuru, wananiombea dua. Nikasema basi mikono inakumbuka."

"Na mwanangu?"

Akamtazama mtoto mgongoni kwangu.

"Mwanao ndiye mtoto wa kwanza niliyemnusa nikakuta hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna. Ningekwambia nini? Karanga? Maziwa? Neno lile linakaa na mtoto maisha yake yote, Mama Moshi. Sikuweza kumpa la uongo."

Mwaka mzima. Mimi nimemnunia mwaka mzima, nikamwashia na mkaa mbichi.

"Kwa nini hawakuniambia?" akauliza.

"Wanakuheshimu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimekununia."

Akacheka. Hakika alicheka, mabega yote, machozi yanatoka, na sijui yalikuwa ya moshi au ya kitu gani. "Nimeheshimiwa mpaka nimepotea," akasema. "Kumbe dawa ilikuwa hapo mlangoni, imenuna."

Kisha akajipangusa kwa ncha ya mtandio, akanyoosha mikono. "Mlete."

Nikamshusha mtoto. Hakuinama. Alimshika tu magotini kwake, akamfunua shingo, akanitazama.

"Mnuse wewe."

"Mimi?"

"Unaona pua nyingine humu? Na usinifurahishe. Sema kilichopo."

Nikainama. "Moshi, Bibi. Nasikia moshi tu."

"Huo ni wako. Nenda nyumbani kwanza."

Nilijua maana yake. Nikazamisha uso ndani ya kiwiko changu mwenyewe, mara tatu. Unga, mafuta, mimi. Nikarudi kwa mwanangu. Utosini, halafu nyuma ya shingo, pale penye mkunjo.

"Maziwa yaliyochacha."

"Hayo akiogeshwa yanatoka. Nyuma yake?"

Nikafumba macho. Joto lilikuwa limemtoa jasho. Nikangoja, na sikumbuki kama niliwahi kungoja kitu hivyo, bila kukasirika kwamba kinachelewa.

"Chumvi," nikasema. "Si ya jikoni. Ya mtu aliyekaa kivulini akakauka. Na... Bibi, usiseme nakufurahisha."

"Sema."

"Maranda. Randa imepita kwenye mninga, sasa hivi."

Alifunga macho. Vidole vyake vilikuwa juu ya shingo ya mtoto, vinapapasa ule mkunjo, kana kwamba neno limeandikwa pale na anaweza kulisoma kwa ngozi.

"Kaliseme mlangoni," akasema. "Kwa sauti. Wasikie."

Nikasimama mlangoni na mwanangu mkononi. Mama Kanga alikuwa ng'ambo ya njia, na watu wawili watatu wamesimama karibu na karai langu wanapunga moshi kwa mikono. Nikalisema. Mama Kanga akaweka khanga chini, akapiga kigelegele.

Nyuma yangu kiti kikalia. Bibi alikuwa ameshasogeza chupa zote mbovu pembeni, amelivuta sanduku la chumvi kutoka chini ya meza, ameweka kiti cha pili.

"Sasa nenda kaepue maandazi yako," akasema. "Nasikia watu wanasema yanaungua."